Mahindi ya Mama na Ng'ombe wa Jumatatu

Tangu nirudi, ninyi marafiki zangu wa Kijenge mmekuwa mkija nyumbani kwangu, mnakunywa chai yangu, mnatazama kuta zangu, halafu mnaulizana kwa macho. Juzi mmoja wenu akashindwa kuvumilia. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya mgonjwa, ile diploma ya kilimo niliyoifuata Uganda iko wapi, mbona ukutani pana msumari mtupu. Nikamwambia ipo, ila haiwezi kuja mjini kabla ya mvua za kupanda. Mkacheka wote. Sasa naandika mpate habari yenyewe tangu mwanzo, na atakayecheka tena acheke akiwa ameelewa.

Kwanza niseme jambo mnalolijua, ila halina madhara likirudiwa. Katika vilima vyetu vyote vya Meru upande ule wa Tengeru, mimi ndiye wa kwanza kurudi na diploma. Sikubebwa na mtu. Nilifukuza nyani, nilipalilia kahawa ya Mzungu, nilipasua kuni za misheni, na kwa mikono hii hii nikajisomesha. Waliosema nitarudi na koti tu, wameniona nimerudi na koti na diploma.

Nairobi hadi Voi

Habari iliyonifanya niharakishe niliipata Nairobi, kwa Elisante, jirani yetu wa nyumbani ambaye ni mpishi huko. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka likizo. Akaniambia kwamba kwetu watu wote wamekwisha vuna isipokuwa mama yangu. Shamba lake limebaki limesimama peke yake, kavu, likivuma kwa upepo hata kanisani linasikika. Kila akiulizwa anajibu kwamba anamngoja Anaeli, hindi la kwanza atalivunja yeye.

Anaeli ndiye mimi. Siku niliyoondoka kwenda Uganda tulikuwa tukipanda, na mama aliniambia nikiwa na udongo mikononi kwamba mwaka nitakaorudi na cheti changu, hakuna mkono utakaotangulia wangu katika mavuno. Mimi nilidhani ni maneno ya kuagana.

"Hilo si neno," Elisante akasema. "Neno ni kwamba ng'ombe wanaingia Jumatatu."

Ninyi wa mjini huenda hamjui. Mashamba yetu hayana ua. Watu wakimaliza kuvuna, wafugaji wa magharibi ya mlima huleta ng'ombe wao kula mabua, na siku hupangwa moja kwa wote, kwa sababu ng'ombe hajui shamba la fulani linaishia wapi. Akishaingia, bua na hindi kwake ni chakula kimoja. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumapili mama havuni, maana yeye ni Mlutheri wa kweli. Kwa hiyo nisipofika Jumatatu mapema, ama mama avune bila mimi, ama chakula chake cha mwaka mzima kiingie tumboni mwa ng'ombe. Na kwa ninavyomjua mama, kuvuna bila mimi hakukuwamo kabisa.

Nikapanda treni nikiwa na sanduku la bati, kofia yangu ya jua, na diploma yenyewe. Ilikuwa imekwisha tiwa fremu na kioo, nami kwa kuogopa isipasuke niliizungushia blanketi na kuipakata. Mama mmoja wa Kikamba akanipisha upande wa dirisha. Baada ya kituo kimoja viwili akaniuliza mtoto ana umri gani. Nilikuwa nawaza mambo ya mama, nikamjibu kwamba nimeipata wiki mbili zilizopita. Akasema ni mpole sana, tangu Nairobi hajalia, na akaniuliza mama yake yuko wapi. Ndipo nikaelewa. Nikafunua blanketi, akaona kioo, maandishi na muhuri mwekundu. Akafunika tena taratibu, akasema, "Amefanana na baba yake." Behewa zima likacheka, nami pia, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Voi hadi Kahe

Voi tulishuka kungoja treni ya Moshi, na hapo akaja mzee mmoja wa Kiarusha, mrefu, shuka jekundu, masikio yenye matundu ya kutosha kupitisha kidole gumba. Akaketi juu ya sanduku langu bila kuuliza.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Hicho kwenye blanketi ni nini?"

"Diploma."

"Inaliwa?"

"Karatasi hailiwi, mzee. Lakini inalisha."

"Kama ng'ombe, basi," akasema, na tangu hapo hatukuachana. Jina lake ni Mzee Lomayani, wa Kisongo. Alikuwa ametoka kumwona mwanawe aliyekuwa askari pale Voi.

Treni ilipoondoka nikamweleza shida yangu yote, ya mama, ya hindi la kwanza na ya Jumatatu. Na kwa sababu nilikuwa na uchungu, nikamweleza pia ninavyomfikiria huyo mwenye ng'ombe. Nilisema ni wale watu wakaidi ambao hawajui herufi hata moja, kazi yao kukaa kwenye kivuli cha ng'ombe wao na kungoja wengine walime. Mzee akanisikiliza vizuri. Akatoa kibuyu chake cha ugoro, akavuta, akapiga chafya.

"Unamjua mtu huyo?" akauliza.

"Simjui, lakini namna yake naijua."

"Kivuli cha ng'ombe ni kidogo sana," akasema. "Mtu hatoshi."

Halafu akaanza kunisimulia ng'ombe wake mwenyewe. Sijapata kukutana na mtu mwenye majivuno kama yule. Alikuwa na dume ambalo, kwa maneno yake, likikohoa Kisongo watu wa Arusha mjini wanafunga madirisha. Alikuwa na jike ambalo maziwa yake yakigandishwa unaweza kuyakata kwa panga. Mimi nikamjibu kwa mtihani wa udongo, ambao katika darasa letu hakuna aliyenikaribia. Yeye akaongeza ndama mapacha. Mimi nikaongeza kwamba mkuu wa chuo alinishika mkono mbele ya wageni. Abiria wakagawanyika, wengine upande wa ng'ombe, wengine upande wa diploma, na hatukupata mshindi mpaka usingizi ukatuchukua wote.

Kulipokucha tulikuwa Kahe, na Kahe tukakaa. Ilisemekana tunangoja treni ya kutoka Tanga. Jua likapanda, mlima Kilimanjaro ukajifunika mawingu, treni ya Tanga haikuonekana. Akina mama wa pale wanamwagilia kwa mifereji, kwa hiyo hata mwezi wa Agosti wana mahindi mabichi. Walikuwa wakiyachoma kando ya reli, nasi tukala kwa kupokezana chumvi na pilipili.

Hindi la kuchoma hufungua kinywa. Nikawasimulia wenzangu jambo lililonipata chuoni. Tulisoma kitabu cha Kiingereza ambamo kijana na mchumba wake wanatembea jioni katikati ya shamba, na neno la shamba hilo ni lile lile tulilofundishwa kuwa maana yake mahindi. Mimi nikawaona wazi kabisa. Binti na gauni lake jeupe, majani yanamkata mikono, ndevu za mahindi zimemganda kichwani, nyani wanamkodolea macho. Nikaandika insha ndefu kuusifu ujasiri wake. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe kwao Uingereza neno hilo ni ngano, nayo inafika kiunoni tu.

"Sasa mtoto wao akikosa anajificha wapi?" Mzee Lomayani akauliza.

Nikamwambia hilo ndilo swali langu pia. Shamba lisiloweza kuficha mtu, hadithi zake zitatoka wapi? Sisi tumekulia humo. Nilipokuwa mtoto nililinda mahindi ya mama juu ya kichanja, nikipiga debe, na upepo ukivuma nilidhani kuna watu chini wananisengenya. Dada zangu walisuka nywele za mahindi machanga na kuyabeba mgongoni kama watoto. Bibi yangu alisema zamani kwetu watu walikula ndizi na ulezi, mahindi yakaja na watu wa misafara, wazee wakayakataa wakisema chakula gani hiki chenye ndevu. Lakini wakati wa vita ya Wajerumani na Waingereza, hao hao wazee walilala ndani yake ili wasikamatwe kubeba mizigo. Wake zao walipalilia wakiimba, na wimbo ukibadilika, waume walijua askari yupo njiani.

"Baba yangu alilala humo," Mzee Lomayani akasema. "Alitoka anakohoa chavua."

Treni ya Tanga ikafika mchana.

Moshi hadi Nduruma, juu ya magunia

Tulifika Moshi jioni ya Jumamosi na kuambiwa treni ya Arusha tuisahau mpaka Jumatatu. Jumapili asubuhi nikapata lori la mfanyabiashara mmoja, limejaa magunia ya mahindi. Nikamwuliza dereva, Mchaga wa Machame mwenye koti kubwa kuliko langu, kama anakwenda Arusha. Akasema ndiyo. Tukapanda juu ya magunia, mimi, mzee na diploma, na nilikaa raha mustarehe, upepo usoni, mahindi chini yangu, kama mtu anayepelekwa kutawazwa.

Tulipopita Usa lori likakata kushoto, likashuka, likazidi kushuka. Migomba ikaisha, vumbi likaanza. Nikagonga paa la dereva kumwambia Arusha ni mbele. Akasimamisha gari, akatoa kichwa, akanieleza kwa adabu kwamba anapeleka mzigo Nduruma, na kwamba Nduruma ni Arusha. Mimi niliuliza mji, yeye alijibu wilaya. Na kurudi barabarani? Labda Jumanne, akasema, Mungu akipenda.

Basi mchana wa Jumapili tukawa tumesimama Nduruma, na nyumbani kwetu nilikuona kwa macho, juu kule, mlimani, kijani chini ya mawingu. Nikataka tuanze kupanda saa ile ile. Mzee akasema magoti yake hayapandi mlima bila kula.

Bwana shamba

Kando ya mfereji palikuwa na shamba la mahindi mabichi. Desturi ya kwetu mnaifahamu: msafiri mwenye njaa aweza kuvunja hindi akachoma na kula hapo hapo, mradi asiondoke nalo, na gunzi na maganda ayaache ukingoni ili mwenye shamba aone ni njaa, si wizi. Mzee akawasha moto. Mimi nikaingia kuchagua.

Sasa mtu mwenye diploma hawezi kuchagua hindi kama mtu mwingine. Nilifunua moja nikahesabu mistari. Nikapasua bua nikamkuta funza. Nikapima kwa shubiri nafasi kati ya shina na shina, nikatikisa kichwa. Nilipoinua macho, mwanamke mmoja alikuwa amesimama akinitazama, jembe mkononi. Nikamsalimu, akaniuliza mimi ni nani.

"Mimi ni bwana shamba, mama," nikasema, "mwenye diploma."

Jembe likashuka. Akatukaribisha kwake, akatukalisha kwenye viti, akatoweka. Mara wakaanza kuja majirani, mmoja na mayai, mwingine na maziwa ya mgando, na nikasikia kuku anakimbizwa nyuma ya nyumba. Nilimwambia mzee kwamba hivyo ndivyo watu wanavyoiheshimu elimu. Mzee alikuwa amekwisha anza mayai.

Tulikula vizuri sana. Jua lilikuwa limeshuka wakati mume wa yule mama, mtu mzima mwenye mvi, aliposogeza kigoda chake karibu yangu.

"Bwana shamba," akasema, "haya matuta, utatusamehe?"

"Matuta gani?"

"Yale mliyosema tuchimbe."

Ndipo kuku akanikwama. Mnajua sheria za matuta ya kuzuia mmomonyoko, na mnajua asiyechimba anavyopigwa faini. Wale watu walidhani serikali imenituma. Nikafungua kinywa nieleze kwamba sikutumwa na yeyote, kwamba mimi ni bwana shamba wa masomo tu, na kazi sijapewa. Mzee Lomayani akanitangulia.

"Amesamehe," akasema, akanyoosha mkono kuchukua paja.

Nikaona aibu kuondoka na kuku wa watu bure. Nikasimama nikaweka wazi kwamba mimi si mtu wa matuta, nikawaeleza kwa kituo habari ya yule funza niliyemwona. Niliwaambia huyu hulala ndani ya bua kavu mpaka msimu mwingine, kwa hiyo mkisha vuna msiache mabua yamesimama. Yachomeni, au bora zaidi, ingizeni ng'ombe wayale yaishe kabisa. Walinisikiliza kwa makini, wakauliza maswali, na yule mzee wa mvi akasema hilo angalau ni neno la faida. Ilikuwa hotuba yangu ya kwanza, na kama mngekuwapo mngepiga makofi.

Mzee Lomayani alikuwa akitikisika mabega kwa kicheko.

"Kumbe hata diploma yako iko upande wa ng'ombe," akasema.

Nikamwambia ng'ombe wa kula mabua, si wa kula mahindi ya mama yangu. Lakini usiku ulikuwa umeingia, na mwenyeji wetu alikataa kabisa kutuacha tutoke.

Kupanda

Jumatatu kabla jua halijatoka nilikuwa na sanduku kichwani na diploma kwapani. Mzee alikuwa anakunywa uji. Baada ya uji akaaga kila mtu, na kwa Waarusha kuaga si neno moja. Njiani alisimama kumtazama ng'ombe wa mtu, akamwuliza mwenyewe habari za kwato. Alisimama tena kuvuta ugoro. Tulipofika barabara kuu akaketi.

Nikamwambia, kwa heshima yote, kwamba yeye anaweza kufika hata kesho, lakini mimi saa hii ng'ombe wanaingia.

"Hawajaingia."

"Unajuaje, mzee?"

"Ng'ombe wana subira kuliko watu wenye vyeti."

Nilikuwa tayari kumwacha. Lakini alikuwa amebeba kofia yangu, na mtu tuliyekula naye siku tatu sikuweza kumwacha kando ya barabara. Basi tukapanda pamoja, mimi nikitangulia na kurudi, nikitangulia na kurudi, kiasi kwamba nadhani mlima ule nimeupanda mara mbili. Migomba ikaanza, kahawa ikaanza, maji ya mifereji yakasikika. Halafu, toka mbali, nikasikia kengele za ng'ombe. Si moja. Nyingi.

Nikakimbia. Nilikata katikati ya mashamba ya majirani yaliyokwisha vunwa, mabua yakinipiga usoni, majani makavu yakinikata kama yalivyomkata yule binti wa kitabuni. Nilipotokea upande wa pili niliona shamba la mama. Lilikuwa limesimama lote, la rangi ya simba, linavuma. Na ukingoni mwake, ng'ombe wengi kuliko ninavyoweza kusema, na vijana wanne wa Kiarusha wameegemea fimbo zao. Kati ya ng'ombe na mahindi aliketi mama yangu juu ya kigoda, na mchi wa kutwangia mapajani.

Alinitazama kwanza miguu, akapanda mpaka usoni.

"Umekonda," akasema. "Cheti kiko wapi?"

Nikamwonyesha blanketi. Akaweka mkono juu yake, bila kulifungua. Mimi hapo machozi yalikuwa karibu, na ili yasitoke nikawageukia wale vijana kwa ukali. Nikauliza ni nani mwenye ng'ombe hawa, aje hapa nimwambie maneno mawili.

Vijana wakatazama nyuma yangu. Mmoja akajibu kwamba mwenyewe ndiye yule anayekuja nyuma yangu, na kwamba wamekaa hapo tangu asubuhi, maana bila baba hakuna anayeruhusiwa kuingiza hata ndama.

Mzee Lomayani akatokea katikati ya mabua, kofia yangu kichwani mwake, anahema.

"Ndiye mimi," akasema. "Yule mkaidi asiyejua herufi hata moja."

Sikujua niweke wapi uso wangu. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia tangu Voi, nikakimbia bure njia nzima.

"Ningekuambia ungeketi. Mimi nilitaka kuona diploma inavyokimbia." Halafu akamgeukia mama. "Yeyo, habari za mwaka? Mwanao ana mdomo mrefu, lakini hakuniacha njiani. Nami ng'ombe wangu hawaingii mpaka uniambie."

Yeyo ni mama, kwa Kimaa. Kumbe wanajuana tangu nilipoondoka kwenda Uganda. Kila msimu yeye huleta ng'ombe wakala mabua, na mama hupata samadi na vibuyu vya maziwa.

Nikavua koti. Nikashika hindi la kwanza, nikalivunja, na lile hindi, ninyi wa Kijenge, lilikuwa na punje mpaka kwenye ncha. Mama akalipokea kwa mikono miwili. Majirani wakaja kusaidia, vijana wa Mzee Lomayani nao wakaegesha fimbo wakavuna, huku baba yao akituamuru toka kwenye kigoda cha mama. Siku ya pili yake jioni ng'ombe wakaingia. Tulikula loshoro, mahindi ya mama yaliyopondwa na kuchanganywa na maziwa ya mgando ya jike lile, yale ya kukatwa kwa panga. Nakiri kwamba habari za jike hilo hakuzitia chumvi.

Baada ya kula mama akachagua mahindi ya mbegu. Mnajua mbegu hutundikwa juu ya jiko, moshi uzipate, mdudu asizitoboe. Alipomaliza kuyafunga kwa maganda yake, akafungua blanketi, akaitazama diploma kwa muda mrefu, akafuta kioo kwa kanga. Nikamweleza kwamba nina msumari tayari Kijenge, ukutani, mkabala na mlango. Akapanda kwenye kigoda, akaitundika katikati ya mahindi.

"Mama, moshi utaiharibu."

"Umesoma mbegu miaka yote hiyo," akasema, "hujui mbegu inakaa wapi?"

Mzee Lomayani akasema kwa maoni yake imekaa vizuri. Basi iko huko. Anayetaka kuiona apande mlima, atakula na atashiba. Nilipokwenda mara ya mwisho ilikuwa imeanza kupata rangi ya chai, na muhuri bado unasomeka. Itashuka siku ya kupanda, pamoja na zile mbegu nyingine.